Shukrani kwa kaka wa stesheni ya Tabora

Kaka uliyevaa kofia ya bluu, popote ulipo, ahsante. Nilikuwa nabadili treni kuelekea Kigoma, nikasahau mfuko kwenye benchi: majani ya chai ya Mufindi, kichupa cha asali ya nyuki wadogo, na kadi niliyomtengenezea mama kwa mkono. Nilikata umbo la birika, mvuke nikaudarizi kwa uzi mweupe (vidole vyangu vinajua). Treni imeanza kusogea, nakuona dirishani unahema, mfuko juu juu. Hela ya soda ukaikataa: "Mpelekee mama, chai isipoe." Mama ni mtu wa chai ya rangi asubuhi hadi usiku. Kadi kaiegemeza kwenye chupa ya chai, na hataki mtu aiguse.