Hesabuni pumzi: barua ya wazi kwa wanafunzi wa uuguzi

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaoingia wodini kwa mara ya kwanza, na ninyi wa mwaka wa pili mnaoona kupima wagonjwa ni kazi ya wageni. Uuguzi ndio kazi niliyoifanya hadi kustaafu, na ombi langu kwenu ni moja: msiandike kwenye chati namba ambayo hamkuitoa kwa mgonjwa.

Naanza na upumuaji kwa sababu hapo ndipo uongo huanzia. Joto lina kipimajoto chake, presha ina mashine yake, mapigo ya moyo unayasoma kwenye kifaa cha kidoleni. Pumzi inataka macho yako, saa yenye mshale wa sekunde na dakika nzima ya kusimama. Basi katika wodi yenye pilikapilika utakuta chati zote zinasema wagonjwa wanapumua mara 20, mchana na usiku, mwenye nimonia na aliyevunjika mguu sawasawa. Haiwezekani. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mwili ukianza kuzidiwa, iwe ni maambukizi yaliyosambaa, damu inayovuja ndani au mapafu yanayojaa maji, pumzi huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kubadilika, mara nyingi presha ikiwa bado haijatikisika. Anayepumua mara 26 akaandikiwa 20 amenyang'anywa muda ambao angeweza kuokolewa.

Fanyeni hivi. Ukimaliza kuhesabu mapigo, usiachie kifundo cha mkono. Endelea kukishika, na macho yahamie kifuani, kwa maana mgonjwa akijua unahesabu pumzi zake ataanza kuzibadilisha bila kukusudia. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Mtoto mchanga mhesabuni dakika nzima bila kufupisha. Yeye hupumua mara 30 hadi 60, na pumzi yake husita kisha ikaendelea. Katika dakika hiyo utaona mengi ambayo hukuyafuata: midomo ina rangi gani, pua zinatanuka, nyama za katikati ya mbavu zinabonyea kila akivuta hewa, anakata maneno kabla sentensi haijaisha. Utaona kwamba jana alikusalimu, na leo hajali kama umekuja. Mkufunzi hawezi kukuwekea hayo kwenye mtihani wa kuandika, lakini ndiyo uuguzi wenyewe.

Wengi mmesimuliwa taa ya Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza aliyehudumia askari wa Vita vya Crimea katika hospitali ya kijeshi huko Scutari, Uturuki, alikofika mwaka 1854. Ningependa msimuliwe zaidi takwimu zake. Baada ya vita alikusanya hesabu za vifo na kuonyesha kwa michoro kwamba magonjwa yanayozuilika yaliua askari wengi kuliko majeraha. Shule iliyobeba jina lake ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas, London, mwaka 1860. Hata kunawa mikono kulitokana na kuhesabu: mwaka 1847 huko Vienna, Austria, daktari Ignaz Semmelweis alilinganisha vifo vya wanawake waliokuja kujifungua katika wodi mbili, moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Ile ya madaktari ilikuwa ikiua zaidi. Alipowalazimisha kunawa kwa maji yenye klorini baada ya kutoka kupasua maiti, vifo vilishuka sana. Kama vitabu vya wodi zile vingejazwa kwa kukisia, asingeona kitu.

Uongo wa chati una sura nyingine pia. Kuna kutia saini ya dawa kabla mgonjwa hajaimeza, kwa sababu "nitarudi sasa hivi". Kuna kuandika kwamba mgonjwa aliyepooza amegeuzwa, wakati amelalia ubavu uleule tangu asubuhi. Ngozi haitadanganywa na saini. Bonyeza kwa kidole pale palipoiva wekundu juu ya mfupa wa nyonga. Pasipobadilika kuwa peupe, kidonda cha mgandamizo kimeshaanza. Kwa ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri, kwa hiyo papaseni: pana joto, pamekuwa pagumu, panamuuma?

Najua mtaambiwa "jaza tu". Atakayewaambia huenda ni mtu mwema aliyechoka, mwenye wagonjwa wengi kuliko awezavyo. Mjibuni kwa heshima: "Sista, naomba nikampime kwanza." Na pale ambapo kweli haikuwezekana, andikeni kwamba hakupimwa, andikeni na sababu. Hili nalisisitiza kuliko yote. Chati iliyojazwa kwa kubuni inamlinda asiyeleta wauguzi wa kutosha, maana kila anayeikagua anaona kazi zote zimefanyika na hana sababu ya kuongeza hata mmoja. Nafasi iliyoachwa wazi kwa ukweli ndiyo itakayowatetea ninyi na wagonjwa wenu.

Siku mtakayohesabu mkapata 28, hesabuni tena papo hapo, kisha msisubiri mzunguko wa daktari. Nendeni kwa msimamizi wa zamu na namba zenu: "Mgonjwa wa kitanda cha nne anapumua mara 28, asubuhi alikuwa 18, anaongea kwa kukatakata. Naomba uje umwone sasa." Akisema anakuja, andika saa uliyomwita, rudi kwa mgonjwa, mwinue mgongo akae kama hali yake inaruhusu, na umhesabu tena. Asipofika, mwite tena, au muite daktari mwenyewe. Mwanafunzi hakatazwi kuita.

Mama yenu katika kazi,
Muuguzi mstaafu