Baba, pampu ya trekta msinunue

Hannover, Ujerumani
8 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nawasalimu wote hapo Machame, na Mama umwambie kahawa imenifikia salama.

Nimezitazama kwa makini picha alizopiga mdogo wangu kule shambani Kahe, na kabla ya yote nakuomba usimuuze mtamba ili kununua pampu ya oili inayonyanyua plau, kwa sababu dalili ulizonieleza si za pampu iliyokufa. Umesema leva ikipandishwa hadi mwisho, plau hunyanyuka upesi, kisha husikika mlio mkali nyuma ya kiti. Mlio huo ni wa vali ya usalama inayofunguka shinikizo la oili linapozidi, na pampu iliyochoka haina nguvu ya kuifungua. Tena, tangu fundi abadilishe sili ya pistoni, plau haishuki yenyewe injini ikizimwa. Kazi ile aliifanya vizuri, naye anastahili shukrani.

Kosa ninaloliona liko nje. Shafti inayopita juu ya difu, yaani sanduku la gia za magurudumu ya nyuma, ina meno, na juu ya meno hayo huvikwa mikono mitatu: mmoja wa ndani unaosukumwa na pistoni, na miwili ya nje inayonyanyua plau. Mkono wa ndani ukikosewa jino moja, ile ya nje hupanda au hushuka yote kwa pamoja. Lakini katika picha mkono wa kushoto umeupita wa kulia kwa vidole vinne hivi, jambo linaloonyesha kuwa ni mmoja wa nje uliorudishwa vibaya, na hakuna haja ya kufungua mfuniko tena na kuharibu gasketi mpya. Kuzungusha mpini wa fimbo inayoning'inia kwenye mkono wa kulia, kama mlivyofanya, kunaficha tofauti hiyo tu, na mkianza kulima fimbo itakuwa haina nafasi tena ya kurekebisha plau.

Shusheni plau chini kabisa, mzime injini, na mtu yeyote asiingie chini yake. Ondoeni fimbo, legezeni bolti ya mwisho wa shafti, vueni mkono, kisha msafishe meno kwa mafuta ya taa mpaka ionekane nukta iliyogongwa kwenye shafti. Nukta ya mkono lazima ielekeane nayo. Kama nukta zimefutika, egesheni trekta kwenye sakafu iliyo sawa na mpime kwa futi kutoka ncha ya kila mkono hadi chini, kabla ya kufunga fimbo.

Mlio ukibaki baada ya hapo, basi kipimo cha ndani kinachoisimamisha mikono ikifika juu hakikuwekwa sawa. Hilo linaweza kusubiri mavuno, ilimradi mdogo wangu asiipandishe leva hadi mwisho.

Naomba picha ya mikono yote miwili ikiwa juu kabla plau haijafungwa. Nitaisubiri Jumamosi jioni nikitoka karakana.

Ni mimi mwanao.