Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: ibuku zetu na wasomaji tunaowaacha nje

Ndugu wanachama, salaam kwenu nyote. Mambo ya ada mtayapata kwa mweka hazina, mimi nataka kuongelea ibuku zetu, yaani vitabu vya kielektroniki, na wasomaji wasioona, wenye uoni hafifu, wenye disleksia (ugumu wa kusoma maneno), na wale ambao mikono yao haiwezi kufunua kurasa.

Mwaka huu kamati ilikagua mafaili mnayojichapishia wenyewe. Kilichojirudia sana ni kichwa cha sura kukuzwa herufi na kukolezwa basi, kwa macho ni kichwa lakini kisoma skrini, yaani programu inayosoma maandishi kwa sauti, kinaona aya kama zingine, so msomaji anayetaka sura ya 9 hana pa kurukia, itabidi asikilize kitabu kizima akiitafuta. Tumieni staili za vichwa zilizomo kwenye Word, hazina gharama yoyote.

Linaloniuma zaidi ni lugha. Faili isipoandikwa ndani kwamba ni Kiswahili, yaani msimbo wa lugha "sw", sauti inaweza kukisoma kwa matamshi ya Kiingereza na shairi ulilolihangaikia linageuka kelele. Ni mpangilio mmoja tu jamani!

Picha ziwekeeni maelezo mbadala yanayosema picha inaonyesha nini, sio "picha 3", na jedwali liwe jedwali kweli lisiwe picha ya jedwali. PDF ya kuskani bila kutambuliwa maandishi ni picha tupu, haisomeki kwa sauti, bora EPUB, aina ya faili ya ibuku inayojipanga upya msomaji akikuza herufi.

Kwa wanaouza Ulaya, sheria ya Umoja wa Ulaya ya ufikivu, yaani ya kuwezesha watu wenye ulemavu kutumia bidhaa na huduma, imeanza kutumika tarehe 28 Juni 2025 na inagusa ibuku pia, biashara ndogo sana za huduma zimesamehewa ila msomaji asiyeona hajasamehewa chochote, kwahiyo tusijifiche humo.

Kabla ya kutoa kitabu kipitisheni kwenye Ace ya shirika la DAISY, programu ya kukagua ufikivu wa EPUB, ni ya bure, halafu sikilizeni sura moja kwa NVDA (kisoma skrini cha kompyuta za Windows) au TalkBack (cha simu za Android) skrini ikiwa imezimwa, maana programu inajua kama maelezo ya picha yapo, haijui kama yana maana.

Pendekezo la kamati mtakalolipigia kura ni hili: kila kitabu chenye nembo ya chama kijaribiwe na msomaji mwenye ulemavu kabla hakijatoka, na alipwe kama tunavyomlipa mhariri.