Sarafu mliyosema ya London ni ya Lyon, tena inaoza

Habari zenu,

Naandika Kiswahili maana hata siku naagiza tulichati Kiswahili, na mambo ya hela mtu unayaeleza vizuri kwa lugha yako. Mwezi uliopita niliwalipa pauni 60 kwa ile sarafu ndogo ya shaba ya enzi za Konstantino, kaisari wa Warumi, yenye mbwa mwitu jike anawanyonyesha Romulus na Remus, wale mapacha wa hadithi ya kuanzishwa kwa Roma, na juu yake nyota mbili, upande wa pili kichwa cha Roma, mji uliochorwa kama mwanamke, kimevaa helmeti na maandishi VRBS ROMA. Mkaandika "ilipigwa London", na hiyo London ndo iliyonitoa hela, kwa sababu nakaa hapahapa na nilitaka kitu cha Warumi kilichotoka mji huu.

Imefika, nikaiweka kwenye lensi, chini ya mbwa mwitu naona PLG, herufi za kiwanda kilichoipiga sarafu. Jamani! PLG ni Lugdunum, yaani Lyon ya Ufaransa, hiyo P ni karakana ya kwanza ya kiwanda hicho. Ya London ingekuwa PLN au PLON, na hata hiyo isingewezekana maana kiwanda cha London kilifungwa 325 na hizi za mbwa mwitu zimeanza 330, mwaka ambao Konstantino alizindua mji wake mpya wa Konstantinopoli, kwa hiyo mmeniuzia kitu ambacho hakijawahi kuwepo, na nyie ndo mnajiita wataalamu. Lyon sina ugomvi nayo, ila nisingeitolea pauni 60.

Halafu huo unga wa kijani mpauko. Nausugua na mswaki laini, siku mbili umerudi. Nilipouliza mkanijibu eti kijani ndo uzee wa sarafu. Kijani cha uzee kinakuwa kigumu, kimeshika, hiki kinadondoka kwenye kitambaa, ni ugonjwa wa shaba, kloridi, yaani chumvi, iko ndani na ikipata unyevu inazidi kutafuna. Kwenye picha yenu hapo palikuwa panang'aa, nahisi mlipaka nta. Kwa kweli nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nataka pauni 60 zangu na gharama za posta, vocha sitaki. Sarafu nitairudisha, iko kwenye kikopo na silika jeli ya kunyonya unyevu. Na lile tangazo libadilisheni, jana nimeona mmeweka nyingine tatu za "London", mbili kati yake hiyo PLG inasomeka hata kwenye simu.