Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Nne kwa Mgeni Rasmi: Ripoti Zetu Zifike Nyumbani

Ndugu Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Chama chetu cha Msingi cha Ushirika,
Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule na wajumbe wako,
Ndugu Mtendaji wa Kata,
Mkuu wa Shule na walimu wetu wapendwa,
Baba zetu, mama zetu, babu na bibi zetu mliotulea,
Wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza hadi cha Tatu,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Tunakushukuru, Ndugu Mgeni Rasmi, kwa kuja Oktoba hii. Hapa Newala kila mtu anajua Oktoba ni mwezi gani. Magunia ya korosho yanaingia ghalani, mizani haipumziki, na kila mwanachama anakutafuta wewe au karani wako. Umeliacha ghala ukaja kukaa nasi chini ya turubai. Tumeuona uzito wa jambo hilo.

Kwa kawaida risala ya wahitimu huanza na historia ya shule, ikafuata idadi yetu, wavulana kwa wasichana, halafu orodha ya upungufu: maabara, uzio, kompyuta, nyumba za walimu. Hayo yote Mkuu wa Shule ameyaeleza katika taarifa yake, tena vizuri kuliko ambavyo tungeweza sisi. Kwa hiyo tulikaa kikao, tukakubaliana kwamba dakika tulizopewa tuzitumie kwa jambo moja lisilohitaji saruji wala bati. Jambo hilo ni taarifa za shule kumfikia mzazi.

Ndugu Mgeni Rasmi, mnada wa korosho ukifanyika, kabla jua halijazama mkulima aliyeko shambani ameshajua bei ya juu ilikuwa shilingi ngapi na ya chini ngapi. Anajua kama wakulima waliridhia kuuza au walikataa. Fedha ikiingia benki, simu yake inaita. Mkulima huyo huyo ana mtoto Kidato cha Tatu aliyefanya mtihani wa muhula mwezi wa Juni, na hadi leo hajui mtoto alipata ngapi kwenye Hisabati. Hatusemi kwamba hajali. Bei ya korosho imetengenezewa njia ya kumfikia, alama za mwanawe bado.

Njia iliyopo ni sisi wenyewe. Siku ya kufunga shule mwalimu wa darasa anagawa karatasi, kila mmoja anakunja ya kwake, na safari ya kwenda nyumbani inaanza. Humo njiani hutokea mengi. Wapo wenzetu ambao ripoti zao hulowa mvua mwezi wa Juni, na wote tuliozaliwa hapa tunajua mvua ya Juni ni nadra kiasi gani. Zipo ripoti ambazo 24 imefika nyumbani ikiwa 84, kwa kalamu ya rangi ile ile. Na yupo bibi anayesomewa ripoti na mjukuu wake kwa sauti, kila akiomba arudiwe alama zinapanda kidogo. Hatuwalaumu sana wenzetu hao. Kumpa mtu mwenye kesi hati ya mashtaka aipeleke mwenyewe mahakamani ni kumjaribu.

Ubaya unaonekana baadaye. Upimaji wa Kidato cha Pili unafanyika Novemba, na matokeo ya Baraza la Mitihani hutoka Januari. Hayo hayapiti mfukoni mwa mwanafunzi. Yeyote mwenye simu yenye intaneti anayaona, na mara nyingi jirani ndiye anayekuwa wa kwanza kumpa mama pole. Mama anashangaa mtoto ameangukaje ghafla. Hakuanguka ghafla. Aliteleza taratibu kwa miaka miwili, na karatasi zilizokuwa zikisema hivyo kila muhula hazikufika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tumeona wenzetu wakirudia darasa kwa maradhi ambayo mwalimu alikwisha kuyaandika mapema.

Tuseme sasa ripoti imefika, kavu na bila kuguswa. Bado kuna kazi ya kuisoma, na hapa, Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba tuchukue muda kidogo.

Mzazi anafungua karatasi anakuta pointi 30. Mtoto wa jirani amepata 19. Kwa hesabu anayoijua, ya kilo na ya fedha, 30 ni nyingi kuliko 19, kwa hiyo anachinja kuku. Hakuna aliyemwambia kwamba kwenye mtihani wetu hesabu inakwenda kinyume. A inahesabiwa pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Huchukuliwa masomo 7 aliyofanya vizuri zaidi, pointi zake zikajumlishwa. Mwenye A zote ana pointi 7. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33. Zikifika 34 au 35 hiyo ni sifuri. Yule wa 19 yumo daraja la pili. Huyu wa kuku yumo daraja la nne, na alihitaji kukalishwa chini, si kupongezwa.

Herufi nazo zina mtego wake. D ni kufaulu, na inaanzia alama 30. Mtoto akimwambia baba yake “nimefaulu masomo yote,” huenda anasema kweli tupu akiwa na D kuanzia juu hadi chini. Lakini kwenda Kidato cha Tano kunahitaji angalau masomo matatu yenye C au zaidi, na C inaanzia alama 45. Kati ya 30 na 45 ndipo wengi wetu tunapopotelea, tukiwa na furaha, na wazazi wetu wakiwa na furaha pamoja nasi. Maelezo haya yangeandikwa kwa Kiswahili kwenye mistari mitano nyuma ya ripoti, yangetosha. Upande huo wa karatasi kwa sasa hauna kitu.

Halafu kuna ile nafasi ya maoni ya mwalimu wa darasa. Wa kwanza ameandikiwa “Ongeza bidii.” Wa mwisho ameandikiwa “Ongeza bidii.” Tunawaelewa walimu wetu. Darasa ni kubwa, ripoti ni nyingi, na usiku wa kuzijaza umeme nao una mambo yake. Hata hivyo tunaomba tutoe mfano wa mwalimu wetu mmoja, ambaye hapendi kutajwa. Yeye alimwandikia mzazi wa mwenzetu hivi: “Daftari lake la Hisabati lina kurasa nyingi tupu. Kila Jumapili mwambie akuonyeshe alichoandika wiki hiyo.” Mzazi yule hajasoma hata darasa la saba, lakini ukurasa mtupu anaujua. Jumapili iliyofuata alidai daftari, na iliyofuata pia. Mwenzetu yuko hapa leo na anaweza kuwasimulia mateso yake, pamoja na C aliyoipata.

Kuna jambo jingine ambalo kaka na dada zetu hutusimulia. Kabla ya elimu bila malipo haijaanza mwaka 2016, ada ya shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Mzazi alipokuja na stakabadhi ya malipo alimkuta mwalimu, akauliza “Huyu wangu anaendeleaje?”, akajibiwa palepale. Ada imeondoka, nasi tunaishukuru Serikali kwa moyo wote, maana wengi tuliokaa hapa mbele tusingekuwepo. Lakini ada ilipoondoka, na ile safari ya kuja shuleni ikaondoka nayo. Siku hizi mzazi akiitwa shuleni moyo unamwenda mbio, kwa kuwa wito una maana mbili tu: mtoto kafanya kosa, au kuna mchango. Na ripoti yenyewe, chini kabisa, huwa imebeba deni la chakula, rimu ya karatasi na fagio. Ni haki ya shule kudai, hatupingi. Tunachoomba ni kwamba deni liandikwe kwenye karatasi yake, ili mzazi asiiogope ripoti.

Kuhusu vikao, wazazi wetu wanasemwa kwamba hawahudhurii. Tunaomba kuwatetea kidogo. Kikao huitishwa Juni au Julai, siku ya kazi, saa nne asubuhi, kwa tangazo lililotolewa jana yake mstarini na kubebwa na wanafunzi. Miezi hiyo wazazi wanapulizia salfa kwenye mikorosho, na kazi hiyo inataka alfajiri. Wengine wamehamia kabisa shambani na kibanda wamejenga huko. Wapo pia wenzetu ambao wazazi wao wako Dar es Salaam au Mtwara mjini, na hapa wanalelewa na bibi. Jina lililo kwenye faili la shule ni la baba ambaye hajaonekana tangu tulipojiandikisha Kidato cha Kwanza mwaka 2021. Simu ya shule inampigia baba, bibi ndiye anayemwamsha mtoto asubuhi, na hakuna aliyemuuliza bibi namba yake.

Shule ilijaribu kundi la WhatsApp. Ni jambo zuri kwa wenye simu janja. Wengi wa wazazi wetu wana viswaswadu, na kwao kundi hilo ni sawa na kikao kilichofanyika kijiji kingine. Zaidi ya hapo, siku moja orodha nzima ya matokeo ya darasa ilirushwa humo, majina na alama, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Walioumia siku ile wanajulikana, na mmoja hakuonekana shuleni kwa muda. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini hata kabla ya sheria hiyo, alama za mtoto zilikuwa mazungumzo ya watu watatu: mwalimu, mzazi na mtoto mwenyewe.

Ndugu Mgeni Rasmi, maombi yetu kwako yanatokana na hayo.

Tunaomba ubao wa matangazo wa chama, pale ghalani panapobandikwa bei, utenge nafasi ya shule. Tarehe zibandikwe hapo: kufunga na kufungua, kikao cha wazazi, mitihani, mahafali. Siku za kupima korosho wanachama wote wanapita pale, na kipaza sauti kipo. Tarehe zitangazwe bila woga. Alama za mtu, hapana, hata kama ni nzuri.

Tunaomba pia chama kichangie gharama ya ujumbe mfupi wa simu, ule unaofika hata kwenye kiswaswadu. Walimu wetu kwa sasa wanapiga simu kwa vocha zao wenyewe, na mshahara wa mwalimu una kazi nyingine. Hatuombi daftari la namba za wanachama. Namba zikusanywe na shule, kwa ridhaa ya mwenye namba, na zihakikiwe kila Januari kwa sababu laini zinapotea na kubadilishwa.

Kwa Mkuu wa Shule na Bodi, tunaomba kikao cha matokeo kihamie siku ambayo mzazi hayuko shambani, na kila kanda ipewe saa yake ili mtu asikae kutwa nzima akisubiri jina la mwanawe. Ripoti ipokelewe na mzazi au mlezi kwa mkono wake, na asiyeweza kuja aandikiwe bahasha iliyofungwa, yenye kipande cha kurudisha kikiwa na sahihi. Tunajua sahihi nazo huigwa. Ndiyo maana ule ujumbe wa simu unahitajika: “Ripoti imetoka leo, iulizie.” Maneno manne tu, na ripoti iliyolowa itaanza kukauka.

Kwenu wazazi wetu, ombi ni dogo. Mtuulize, na mkituuliza msianze na kiboko. Wengi walioficha karatasi zao hawakuogopa namba iliyoandikwa, waliogopa usiku wa siku hiyo.

Sisi tunaondoka, lakini taarifa bado zinatuhusu. Mtihani wa Taifa ni Novemba. Matokeo yakitoka Januari, kuyatafuta kutahitaji namba ya mtihani, ile inayoanza na S, yenye namba ya shule kisha ya mtahiniwa. Baada ya hapo TAMISEMI kwa kawaida hutoa muda wa kubadilisha machaguo ya tahasusi na vyuo, na muda huo hauna subira kwa mtu ambaye hakusikia. Wahitimu waliotutangulia wamewahi kupangiwa masomo waliyoyaandika wakiwa bado hawajui nguvu zao ziko wapi, nafasi ya kubadilisha ikapita wakiwa shambani wanaokota korosho.

Kwa hiyo tumeandaa zawadi mbili. Kwako, Ndugu Mgeni Rasmi, ni kalenda ya ukutani ya shule kwa mwaka 2025, tuliyoichora wenyewe, na tunaomba ikatundikwe ofisini kwako mahali ambapo karani ataiona. Kwa wazazi, ni bahasha. Ndani yake kuna ripoti ya mtihani wa utamilifu, kadi yenye namba ya mtihani ya mtoto wako, na maelezo ya pointi kwa Kiswahili. Walimu wa madarasa watazigawa katika chumba cha Kidato cha Nne A, kabla ya chakula. Mwanafunzi hatapewa, hata akisema ametumwa.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Wahitimu wa Kidato cha Nne, Oktoba 2024