Vitabu viko stoo, halafu mnalaumu wazazi

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu zaidi ya miaka kumi na sijawahi kuwaandikia hata mstari, lakini ile ripoti yenu ya watoto kusahau kusoma wakati wa likizo imeniuma mpaka nikaacha nguo ya mteja kwa cherehani. Mlisema ati sisi wazazi tunawapa watoto simu na katuni badala ya vitabu. Vitabu gani? Nauliza na nataka mtu anijibu, vitabu gani?

Mwaka jana siku ya kufunga shule nilienda kuchukua ripoti fomu ya kijana yangu, wakati huo alikuwa Gredi 3. Nikampata amekaa deski ya nyuma ameinamia kitabu cha hadithi, kidole kiko ukurasa wa 31, hata hakuniona nikiingia. Mwalimu anapita na katoni anakusanya vitabu vyote. Kijana akaomba aende nacho nyumbani akimalize, akaambiwa hapana, ni vya serikali. Nikasema sawa, mwalimu, nakuachia shilingi 500 hapa, Januari kitabu kikirudi unirudishie. Akakataa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kikipotea ni yeye ataulizwa. Simlaumu yule mwalimu, aliongea na mimi vizuri. Lakini nilichungulia stoo walipokuwa wanapanga zile katoni na nikaona zingine bado zina selotepu, hazijawahi kufunguliwa, zimerundikwa karibu na jembe na ndoo za rangi, na mlangoni kufuli kubwa. Hivyo vitabu vikalala hapo Novemba yote na Desemba yote wakati mtoto wangu anamsimulia dadake hadithi mpaka ukurasa wa 31 halafu anabuni mwisho, kila jioni mwisho tofauti. Alisoma kila kitu tulicho nacho kwa nyumba. Alisoma pakiti ya unga, upande wa mbele na wa nyuma. Alisoma gazeti nyama ilikuwa imefungiwa, likiwa na damu. Halafu Januari akarudi shule anafuata neno na kidole, anasoma silabi moja moja, kitu alikuwa ameacha kitambo, na nikaambiwa nimuangalie zaidi nyumbani!

Na mkatuambia tuige Uingereza, ambako tangu 1999 maktaba zinaalika watoto kusoma vitabu 6 likizo ya kiangazi, bure. Ni jambo zuri sana. Lakini huko mtoto anapewa kitabu aende nacho nyumbani. Huku kwetu najua kuna maktaba ya McMillan pale Banda Street, imekuwepo tangu 1931, na matawi yake Kaloleni na Makadara, na nashukuru kwamba siku hizi mtoto wa Eastlands anaingia pale ambapo mkoloni hangemruhusu babu yake. Lakini nikiwa na watoto watatu, fea ya kwenda na kurudi ni pesa ya mboga ya siku mbili, na mimi Jumamosi ndio nashona. Kununua dukani sijaribu, sheria ya kodi ya VAT ya 2013 iliweka asilimia 16 juu ya vitabu kama vile ni sabuni. Huwa naenda inama, pale wanapanga vitabu chini kwa barabara, natafuta kimoja ambacho hakijang'olewa kurasa za mwisho.

Na kama tunaongea ukweli basi tuongee pia tiusheni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, inakataza tiusheni ya likizo, lakini Agosti nilitumiwa meseji nilipe 1,500 mtoto aje akopi maswali ubaoni. Kwa hiyo ufunguo wa darasa unapatikana kwa likizo. Ni ule wa stoo tu haupatikani? Wangefungua hiyo stoo kwa masaa mawili tu kila Jumatano ya likizo, watoto wakae chini wasome chenye wanataka bila mtihani, ningelipa hiyo 1,500 bila kulalamika.

Ombi langu ni dogo. Mwaka huu kabla shule kufungwa, kila mtoto aende nyumbani na vitabu 2 vya hadithi, sio vya kiada, vya hadithi. Daftari moja la kurasa 96 linatosha klasi nzima: jina la mtoto, jina la kitabu, namba ya simu ya mzazi, sahihi. Kikipotea mzazi analipa kabla ya kupewa ripoti fomu inayofuata, na wizara iandike wazi kwamba mwalimu hatakatwa hata shilingi. Kama wanaogopa vitachafuka, mimi nitakuja na nailoni na selotepu yangu siku hiyo asubuhi nivikave vyote, vya klasi nzima.

Mama wa watatu,
Umoja, Nairobi