Waliokosa penalti wasitukanwe, tuwafuate ligini

Mhariri,

Tangu Madagascar ituondoe sisi Kenya kwenye robo fainali ya CHAN, mashindano ya soka ya mataifa ya Afrika, pale uwanja wa Kasarani, Agosti 22, 2025, kila kona ya Nairobi ina hakimu wake. Kwenye matatu na kwa kinyozi hukumu ni ile ile: waliokosa penalti wametuuza. Maneno hayo yameniuma kuliko hata kutolewa kwenyewe.

Mimi nafundisha watoto kabumbu hapa Umoja. Kesho yake, Jumamosi, tulikuwa tukipiga penalti mazoezini. Mvulana mmoja akapaisha mpira juu ya mwamba, na papo hapo wenzake wakaanza kumwita kwa jina la mchezaji aliyekosa jana yake. Jina la mchezaji wa taifa limegeuzwa tusi! Zamu yake ilipofika tena, akakataa katakata kupiga. Watoto hao wameyatoa wapi hayo, kama si kwetu sisi watu wazima?

Vijana wetu wa timu ya taifa waliifunga Morocco 1-0 wakicheza pungufu, watu kumi, kipindi chote cha pili. Morocco hiyo hiyo ndiyo iliyotwaa kombe. Tuliongoza kundi bila kupoteza mechi. Hata kwa Madagascar, sisi ndio tuliotangulia kufunga. Wakasawazisha, kisha wakatushinda 4-3 kwa penalti. Naumia, tena sana.

Lakini CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Ukiondoa debi ya Gor Mahia na AFC Leopards, ni mechi gani ya Ligi Kuu uliyokuta majukwaa yamejaa? Kijana anacheza msimu mzima akisikia sauti ya kocha wake tu, halafu jioni moja anatakiwa kupiga penalti mbele ya maelfu, nchi nzima ikimtegemea. Utulivu wa kupiga mpira ule hauji kwa kambi ya wiki chache.

Ryan Ogam, mshambuliaji wetu aliyezifunga Morocco na Zambia, amekwenda kucheza Austria. Wengi waliobaki wanarudi kwenye ligi. Sisi tuliogombania tiketi za Kasarani tununue na za huko.

Nanyi wahariri, nawaomba mchapishe kila Ijumaa ratiba ya Ligi Kuu, pamoja na uwanja na saa. Mara nyingi shabiki hujua kulikuwa na mechi uwanja wa Dandora anaposoma matokeo.

Mkufunzi wa watoto,
Umoja, Nairobi